Saa Nane Kamili

Hapa Kutaisi, ghorofa ya tatu, wodi ya wanaume,
saa nane ya usiku haina mgeni.
Lifti imelala. Mto Rioni unasikika
pale tu mtu anapofungua dirisha la chooni avute sigara.
Mimi na sinia yangu ya bati, sindano moja,
kitabu kimoja chenye mistari ya buluu.

Mzee Otia wa kitanda cha kumi na moja haombi.
Miaka thelathini na mmoja alichimba manganizi Chiatura,
alfajiri akipandishwa na kigari kinachoning'inia kwenye waya,
jioni akishushwa, kucha nyeusi.
Mtu wa namna hiyo ukimuuliza, "Inauma?"
hujibu, "Kidogo,"
na kitanda kizima kinatetemeka.

Bibi Tsiuri, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema,
mdomo umejaa pini za nywele:
"Usingoje aombe. Akiomba, umeshachelewa.
Maumivu ni maziwa jikoni,
yakodolee macho kabla hayajapanda.
Yakishafurika utapangusa jiko usiku kucha
na maziwa yamekwenda."
Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili
na sikuwa nimevunjika hata kidole.

Sasa sikiliza usiku wa Jumanne.
Kabati la mofini lina kufuli mbili:
ufunguo mmoja shingoni mwangu,
wa pili mfukoni mwa daktari Ramazi,
na daktari Ramazi yuko chini, chumba cha dharura,
basi limeteleza kwenye theluji, watu tisa.
Nikapiga simu. Ikaita. Nikapiga tena.
Nani wa kulaumiwa? Hakuna. Andika: hakuna.
Lakini maumivu hayasomi maelezo.

Saa nane na robo Otia alishika chuma cha kitanda.
Saa nane na nusu alianza kuhesabu nguzo,
nguzo za waya wa kwao, mojamoja, kutoka bondeni:
"Ya nne... ya tano... hapa huwa kinayumba..."
Nikamfuta jasho. Nikasema, "Sasa hivi,"
neno la bei rahisi kuliko yote hospitalini.
Alipofika nguzo ya saba aliacha kuhesabu
akamwita mama yake, kwa sauti ya mtoto,
yeye mwenye wajukuu sita.

Daktari alikuja mbio, damu ya wengine kwenye viatu.
Funguo mbili, sahihi mbili, sindano.
Kisha ikabidi tungoje dawa nayo ipande mlima wake,
na haikumfikia sawasawa mpaka kunakaribia kucha.

Kitabuni kuna kisanduku kimeandikwa: SAA.
Kalamu yangu ilisimama.
Saa nane kamili. Jibu safi, halimuudhi mtu.
Nani angejua?
Lamara, mkewe, alikuwa macho kwenye kiti.
Nyuma ya kalenda ya duka la mikate
alikuwa na orodha yake ya penseli.
Hakuniangalia. Aligeuza tu karatasi upande wangu:
saa nane na dakika arobaini na moja.
Saa yangu mimi ilisema arobaini.
Nikaandika arobaini na moja.

Jumatano niliudai ufunguo wa pili tangu saa saba na nusu.
Nikamkera daktari, nikamkera mlinzi,
nikapita chumba cha chai bila kugusa mkate.
Nikamkuta Otia amelala, mdomo wazi,
uso umelegea kama shati lililotoka kuanuliwa.
Kumwamsha mtu wa namna hiyo ni dhambi, utasema.
Nilisimama pale na sinia yangu.
Nikasikia maziwa.

"Mzee Otia. Nakuamsha ili ulale."

Akafungua jicho moja. Sikumuuliza kama inauma.
Akautoa mkono mwenyewe, mkono wenye madoa meusi
yaliyoingia chini ya ngozi yakakaa.
"Haya hayatoki," akasema, "hata kwa limau,"
na usingizi ukamchukua katikati ya neno lililofuata.
Lamara akalowesha ncha ya penseli ulimini.